Mipira ya Vioo vya Mheshimiwa

Wananchi wote wa Baraka na Fizi, wakiwemo waliokimbilia porini na waliokwisha kuvuka ziwa, walijulishwa kwa tangazo, yaani komunike namba 14, kwamba Mamlaka ya Muda imetangaza vita rasmi dhidi ya vumbi. Komunike hiyo niliichapa mimi, Eugène, Katibu wa Ofisi, kwa mashine iliyokosa herufi R, nikaijaza herufi hiyo kwa kalamu kila mahali ilipohitajika. Kisha niliipiga muhuri mara tatu, mtu asije akasema hakuona.

Ulikuwa mwaka wa pili wa vita vya pili. Vita vya bunduki vilikuwepo pia, na kila wiki kijiji kimoja au viwili vilihama na magodoro kichwani, lakini hilo halikuwa katika madaraka ya ofisi yetu. Vumbi lilikuwa katika madaraka yetu.

Chanzo chake ni safari ya Lubondja. Mheshimiwa Raphaël, Msimamizi wetu, alikwenda huko mwezi wa saba kuwatangazia wakulima kwamba amani imerudi, kwa hiyo watoke porini waje kufyeka barabara. Alivaa suti nyeusi. Alikaa mbele ndani ya pikapu ya ofisi, vioo vimepandishwa mpaka juu, mimi nikiwa nyuma pamoja na walinzi. Sisi wa nyuma tulijaa vumbi, jambo la kawaida kwa watu wa nyuma. Lakini Mheshimiwa aliposhuka, naye alikuwa mwekundu tangu nywele hadi viatu, kope zikiwamo. Alifungua kinywa ili aseme neno "amani", akashikwa na kikohozi kilichodumu mpaka wakulima, ambao walikuwa kumi na mmoja, wakaanza kuokota majembe yao. Bibi mmoja aliuliza, bila kupunguza sauti, kama huyo aliyefukuliwa ataendelea kusema au atarudishwa alikotoka. Katika ripoti niliandika kwamba wananchi waliguswa.

Inafaa nieleze habari za pikapu hii, maana maadui wa Mamlaka wamezipotosha. Ilikuwa kuukuu, ya rangi ya bluu, na kabla hatujaikomboa ilikuwa ya kituo cha afya cha Baraka. Kazi yake ilikuwa kupeleka wagonjwa mahututi hospitali ya Nundu. Tuliiazima kwa siku tatu kwa sababu za usalama. Siku tatu hizo, kwa hesabu ya ofisi, zilikuwa bado hazijakwisha, ingawa kalenda ya ukutani ilionyesha miezi kumi na minne.

Mheshimiwa aliunda Tume ya Kuchunguza Njia za Vumbi. Wajumbe walikuwa watano. Wawili walikuwa wamekwisha kukimbilia Kigoma, wa tatu alikuwa porini upande wa adui na kwa sababu hiyo hakuweza kuhudhuria, wa nne alikuwa Mheshimiwa mwenyewe, ambaye hahudhurii vikao vya walio chini yake. Kwa hiyo Tume ilikuwa mimi. Nilijipa nafasi ya kusema, nikajishukuru kwa mchango wangu, nikafunga kikao kwa kauli moja: aitwe fundi.

Fundi alikuwa Norbert, mtu wa sokoni, mwenye maneno machache na mikono iliyonuka mafuta hata siku ya Jumapili. Alikuwa anaitengeneza pikapu hii tangu enzi za kituo cha afya. Hakuuliza Tume ilikaa lini. Alichomoa mkono wa kupandishia kioo, akabandua ubao wa ndani wa mlango, akaingiza vidole kwenye mwanya ambamo kioo huzama, akatoa kitu cheusi kilichokakamaa kama ngozi ya samaki wa kukaushwa. Kilimvunjikia mkononi.

"Hii tunaita mulamba-kioo," alisema. "Iko mbili kwa kila mulango, moja ya inje, moja ya ndani. Kioo ikishuka, inailamba. Ikipanda, inailamba. Ndiyo inazuiaka vumbi na mvua. Hizi zenu zilikufa zamani."

Niliandika katika ripoti kwamba Mamlaka inakabiliwa na upungufu wa walambaji. Mheshimiwa aliposoma sentensi hiyo alikasirika sana. Alisema katika utawala wake walambaji hawajawahi kupungua, akaniamuru nifute.

Norbert alieleza kwamba mipira ya kweli inaweza kupatikana Kigoma, ikaja kwa boti baada ya wiki mbili, ziwa likitulia na watu wasipopigana risasi njiani. Mheshimiwa alisema haiwezekani. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu, na Ijumaa Ujumbe wa Makao Makuu ulikuwa unakuja kwa barabara kutoka kaskazini kukagua hali ya utawala. Alitaka awapokee akiwa msafi. Basi Norbert akasema inawezekana kukata mpira wa ndani wa tairi ya baiskeli, lakini ni lazima aukwangue mpaka uwe mwembamba, na aache nafasi kidogo ili kioo kipite.

Mheshimiwa hakupenda neno "nafasi". Alisema Mamlaka ikiacha nafasi, adui huingia. Aliamuru mpira uwe mnene, uwekwe mara mbili, na uwe mpya, usiwe na viraka, kwa sababu yeye si mwendesha baiskeli.

Ndipo ikatoka komunike namba 15. Kila baiskeli inayopita kwenye barieri zetu tatu, vizuizi vya askari barabarani, ilitakiwa kuacha mipira yake ya ndani, kama mchango wa wananchi katika vita. Wananchi walichanga vizuri, maana walioshika bunduki waliwaeleza kwa upole. Kwa siku mbili tulipata mipira sitini na miwili. Norbert alihitaji miwili. Ile sitini tuliifungia stoo kama akiba ya kimkakati.

Tangu siku hiyo baiskeli za Baraka zilitembea kwa tairi zilizoshindiliwa majani, na nyingine hazikutembea kabisa. Mama Florentine, muuguzi wa kituo cha afya, alikuja ofisini kulalamika. Alisema tangu pikapu iondoke, wagonjwa wanapelekwa Nundu kwa baiskeli, wamefungwa kwa kitenge kwenye kiti cha nyuma, mume anasukuma, shemeji anashikilia. Sasa na baiskeli zimekufa. Aliuliza wagonjwa wapande nini. Nilimsikiliza kwa makini, kisha nikamfahamisha kwamba fomu za malalamiko zimekwisha, na ili tuchape nyingine inahitajika fomu. Alinitazama kama anavyotazama kidonda, akaondoka.

Mwingine aliyekuja ni Élie, mvuvi, mume wa dada yangu mdogo Arlette. Huyu alikuja nyumbani, si ofisini. Arlette alikuwa na mimba iliyokaribia siku zake, na mpira wa baiskeli ya Élie ulikuwa umechukuliwa barieri ya pili. Aliniomba nimtolee mmoja tu kati ya ile sitini. Nilimjibu kwamba Mamlaka haina shemeji. Aliinamisha kichwa, akaiinua baiskeli begani kama mtu anayebeba mbuzi mgonjwa, akaenda zake. Nilikula vizuri jioni ile, kwa jinsi nilivyokuwa nimesimamia haki.

Jumatano Norbert aliweka mipira. Alipaka maji ya sabuni, akasukuma mpira wa kwanza kwenye mwanya, akasukuma wa pili juu yake, akasema kwa mara ya tatu kwamba ni minene mno. Mheshimiwa alimwambia apunguze siasa. Kioo kilipanda kwa kusukumwa na watu wawili, kikilia kama nguruwe, kikafika juu, kikanyamaza. Mlango wa pili ulikuwa vilevile.

Tukafanya majaribio. Mheshimiwa alikaa ndani, mimi nikasimama nje na beseni la vumbi laini la barabarani, nikalimwaga lote kwenye kioo mbele ya uso wake. Halikuingia hata chembe. Mheshimiwa alicheka, akasema kitu, lakini hatukusikia. Midomo ilikwenda, sauti ikabaki huko huko. Nilitambua kwamba tumepata mafanikio makubwa kuliko tulivyokusudia.

Alipotaka kushusha kioo ili arudie maneno yake, mkono wa kupandishia ulizunguka bure. Norbert alisema meno ya ndani yamekatika kwa nguvu ya mipira. Hapo ndipo jambo jingine lilipojitokeza. Vitasa vya ndani vya pikapu ile vilikuwa vimekufa miaka mingi, milango yote miwili. Mtu wa ndani alikuwa anashusha kioo, anatoa mkono nje, anajifungulia. Sasa kioo hakishuki. Aliyemo ndani atatoka tu ikiwa mtu wa nje atamfungulia.

Nilipomfungulia Mheshimiwa, Norbert aliomba ruhusa aitoe mipira palepale. Mheshimiwa alikataa mpaka Ujumbe upite. Badala yake alitoa komunike namba 16: mlango wa gari la Mamlaka utafunguliwa na Katibu peke yake, baada ya Mheshimiwa kugonga kioo mara mbili, mtu mwingine yeyote atakayegusa kitasa atalala kasho, yaani mahabusu, siku tatu, na nne akiacha alama ya kidole. Komunike hiyo ilisomwa sokoni, makanisani na kwenye barieri zote. Mama yangu alitamani niwe padri. Mimi nilikuwa nimepanda cheo mpaka kuwa kitasa.

Ijumaa saa tatu asubuhi jua lilikuwa limekwisha kuchoma. Pikapu ilisimama mbele ya ofisi, injini inanguruma. Mheshimiwa alipanda na suti yake nyeusi iliyopigwa pasi, tayari kwenda kuulaki Ujumbe njiani. Dereva, mtu mzima aitwaye Vainqueur, alipanda upande wake. Niliwafungia milango, wa kwanza kisha wa pili, na Mamlaka ikawa imefungwa barabara.

Hapo ndipo kipoyi, machela ya miti, kikatokea upande wa ziwa. Wanaume wanne walikuwa wamekibeba, Élie mbele kabisa, na Mama Florentine anakimbia pembeni, mkono wake juu ya tumbo la mgonjwa. Mgonjwa nilimtambua kwa miguu kabla sijaona uso. Mimi na raia huyo tulinyonya ziwa moja. Alizaliwa miaka kumi na minne baada yangu, na mimi ndiye niliyemfundisha kutembea.

Florentine alikuja moja kwa moja kwangu. Alisema Arlette ana uchungu tangu juzi.

"Mutoto amelala kwa upande," alisema. "Mi siko na kisu, siko na dawa ya kulalisha. Docteur iko Nundu. Kwa kipoyi tutafika kesho. Na kesho, Arlette hatakuwepo."

Nilimwambia kwamba maombi ya gari yanaelekezwa kwa Mheshimiwa. Alikwenda kwenye kioo akayaelekeza. Alionyesha kipoyi, alionyesha tumbo, alionyesha barabara ya kaskazini. Ndani ya kioo Mheshimiwa alisema kwa kirefu. Alionyesha saa yake. Alionyesha tai yake. Halafu alielekeza kidole kwa dada yangu na kukipeperusha, kama mtu anayefukuza nzi mezani. Hakuna neno hata moja lililotoka.

Florentine alinigeukia. "Iko nasema nini?"

Walinzi walinigeukia pia, na wabeba kipoyi, na wanawake waliokuwa wanapita na mihogo kichwani. Mtu asinielewe vibaya. Miaka yote ya utumishi wangu nimekuwa mfasiri wa Mheshimiwa: yeye husema vibaya, mimi huandika vizuri. Nilijua fika alichokuwa anasema. Kidole kile hakikuwa na maana mbili. Nilimtazama Arlette. Yeye hakunitazama. Alikuwa anatazama juu, ameuma pindo la kitenge chake ili asipige kelele mbele ya ofisi ya kaka yake.

"Anasema mumupakie," nilisema.

Florentine alinisogelea. "Hebu sema tena."

"Anasema mumupakie, na mufanye haraka."

Walinzi walipoona ni amri, waliweka bunduki chini wakasaidia. Tulimpandisha Arlette nyuma, kipoyi kikalazwa juu ya mbao. Florentine akapanda, Élie akapanda, nami nikapanda, nikaweka kichwa cha dada yangu kwenye mapaja yangu. Mheshimiwa aligonga kioo mara mbili. Mikono yangu yote miwili ilikuwa na kazi. Akagonga tena mara mbili, kisha mara nyingi zisizohesabika. Sajini mmoja alinyoosha mkono kuelekea kitasa. Mwanamke wa mihogo alimkumbusha, kwa sauti ya kumhurumia, habari za kasho. Sajini alirudisha mkono, na kwa kuwa ulikuwa umekwisha kuinuka, akautumia kupiga saluti.

Yaliyopita ndani nilielezwa baadaye na Vainqueur. Mheshimiwa alimwamuru azime injini. Vainqueur alimjibu kwamba askari wamekwisha kupiga saluti ya kuondoka, na kiongozi anayebaki baada ya saluti huwa anajishushia heshima. Mheshimiwa alitafuta ufunguo auzungushe. Ufunguo haukuwepo, pikapu ile iliwashwa kwa nyaya mbili, na Vainqueur peke yake alijua zinapokaa. Huyu Vainqueur alikuwa dereva wa kituo cha afya kwa miaka tisa kabla hatujamwazima pamoja na gari. Akakanyaga mafuta mpaka Nundu.

Sijawahi kuona barieri zikifunguka kama siku ile. Kwa kawaida askari hutaka karatasi, na baada ya karatasi hutaka kitu kinachoshikilia karatasi isipeperuke. Lakini walipoona pikapu ya Mamlaka inakuja mbio, na Msimamizi mwenyewe ndani anapiga kioo kwa ngumi mbili na kinywa kimefunguka mpaka kwenye magego, walielewa kwamba hili ni jambo la taifa. Miti iliinuka kabla hatujapunguza mwendo. Kwenye barieri ya tatu askari mmoja alimpigia saluti, na Mheshimiwa alipozidi kupiga kioo, naye akazidi kupiga saluti, mpaka tukapotea kwenye kona.

Nyuma tulikuwa tunarushwa kama maharage kwenye ungo. Florentine aliniambia nimuongeleshe Arlette, asilale, kwa sababu akilala anaweza asiamke. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniagiza niseme bila kuniambia cha kusema. Nilitafuta kichwani maneno ya kumpa dada yangu, nikakuta mna komunike tu. Basi nilianza kumsomea. Nilimsomea namba 14 yote, na utangulizi wa namba 15. Nilipofika kwenye akiba ya kimkakati, alifungua macho.

"Yaya," alisema, kama wadogo wanavyomwita kaka mkubwa, "nyamaza."

Nilinyamaza. Nilifurahi mno kwamba bado ana nguvu za kuniamuru. Élie, aliyeshika miguu yake, aliangalia pembeni, lakini niliona mabega yake yanatikisika, na sikujua kama analia au anacheka. Huenda hata yeye hakujua.

Tulipopita Mboko niliangalia ndani kupitia kioo kidogo cha nyuma. Mheshimiwa alikuwa ametupa koti, tai na shati. Jasho lilimtiririka mgongoni. Lakini nashuhudia kwa kiapo kwamba hakuwa na vumbi hata punje moja. Aliponiona alinionyesha ngumi. Nikamrudishia ngumi kwa heshima.

Tuliingia uwanja wa hospitali ya Nundu kabla ya saa sita, na katikati ya uwanja ule tukaukuta Ujumbe wa Makao Makuu. Walikuwa wametoka kaskazini tangu alfajiri, na mjumbe mmoja alikuwa amekula samaki njiani, samaki ambaye hakupatana na tumbo lake, ndiyo maana walisimama hapo wakimsubiri atoke chooni. Mkuu wa Ujumbe alikuwa amesimama kivulini na mtu wa redio mwenye kinasa sauti. Waliona yote: pikapu inaingia mbio, muuguzi anaruka, mwanamke mwenye uchungu anashushwa, damu kwenye mbao, wauguzi wanakuja na machela na kumpeleka ndani, Élie akiwafuata mbio.

Baada ya hapo nilinyoosha shati langu, nikakumbuka wajibu wangu, nikaenda nikafungua mlango.

Mheshimiwa alitoka akiwa kifua wazi, ameloa kama kambare, akavuta pumzi mara tano bila kusema. Mkuu wa Ujumbe alimwendea. Aliangalia mbao zenye damu, akaangalia kifua kile kitupu, akauliza kwa sauti ya chini kama shati lake amemfungia mgonjwa. Mheshimiwa hakuwa bado na sauti ya kukataa. Mkuu alimkumbatia. Alisema amekagua wilaya nyingi, na kila mahali ameona wasimamizi waliowanyang'anya wagonjwa magari. Huyu ni wa kwanza kumwona akimpa mgonjwa gari, shati, na nafasi yake ya kuupokea Ujumbe. Mtu wa redio alisogeza kinasa sauti.

Nilimwona Mheshimiwa akipiga hesabu. Alinitazama mimi. Akamtazama Mkuu. Akatazama kile kinasa sauti. Angesema kweli, ingebidi aeleze kwamba alitekwa nyara na vioo vyake mwenyewe.

"Ni wajibu," alisema.

Ndiyo hotuba yake fupi kuliko zote nilizowahi kuandika, na ndiyo pekee ambayo sikuirekebisha. Mkuu aliguswa zaidi. Alisema moyo wa namna hii usiachwe uwe wa siku moja. Aliamuru pikapu irudishwe kituo cha afya cha Baraka tangu dakika hiyo na kwa daima, kwa hati, kwa saini, kwa muhuri. Muhuri nilikuwa nao mfukoni. Niliandika hati juu ya goti langu, vifungu vinne. Mheshimiwa aliweka saini huku anaitazama pikapu kama anayeaga maiti, mpaka mtu wa redio akafuta macho.

Mkuu alipoona kwamba Fizi inatawaliwa vizuri kiasi hiki, aliamua hakuna haja tena ya kufika Baraka. Mjumbe wa samaki alitoka, wakapanda magari yao wakarudi kaskazini.

Mheshimiwa alinivuta pembeni. Aliniuliza kwa nini sikufungua mlango alipogonga.

"Mheshimiwa, uligonga mara mbili," nilimjibu, "halafu mbili tena. Ni nne. Komunike inasema mbili."

Namba 16 ilikuwa na saini yake.

Sitaki kueleza sana juu ya saa zilizofuata. Nilikaa kwenye ukuta wa nje, karibu na Élie. Mara moja alinigawia nusu ya muhindi wa kuchoma. Saa tisa alasiri Florentine alitoka, ameshika kofia yake mkononi.

"Mutoto mwanamuke," alisema. "Bote bazima, mama na mutoto."

Élie alikaa chini palepale kwenye mchanga. Mimi nilitoa daftari niandike saa, kama inavyotakiwa, na sikuweza kuiona karatasi.

Vainqueur alikuwa ameazima makasi ya hospitali, amekata ile mipira kipande kwa kipande mpaka vioo vyote viwili vikazama milangoni vyenyewe. Saa kumi pikapu ilikuwa tayari kurudi Baraka na wagonjwa walioruhusiwa. Mheshimiwa alikwenda na koti lake begani, akashika mlango wa mbele ili apande. Florentine, aliyekuwa anapanga watu, alimwambia nafasi ni za wagonjwa.

Mheshimiwa alimjulisha kwamba yeye ndiye Msimamizi.

"Najua, papa," alisema Florentine, kama anavyomwita kila mzee. "Nimesoma hati. Kila anayepanda anakuwa na karatasi ya docteur."

Mheshimiwa alinitazama nimsaidie. Nilifungua nakala, nikamsomea kifungu cha tatu, ambacho ndicho kilichosema hivyo. Hakikuwa kigumu kukumbuka, maana nilikitunga mwenyewe.

Hivyo Mheshimiwa Raphaël, Msimamizi wa Mamlaka ya Muda, alikwenda kupanga mstari kwenye benchi la wagonjwa. Mwisho wa benchi alikuwa amekaa mama mmoja, Mukandori, aliyekuwa ameshuka kwa miguu kutoka Minembwe na mtoto mwenye homa mgongoni. Alisogea mbele kidogo ili Mheshimiwa apate pa kukaa, akamweleza kwa upole kwamba mtu haruki mstari hapa, na kwamba docteur ni mmoja lakini ni mtu mwema. Mheshimiwa alikaa. Mstari ulisogea. Mukandori aliingia, akatoka na dawa na karatasi, akapandishwa mbele karibu na Vainqueur kwa sababu ya mtoto.

Docteur Albert, aliyekuwa amempasua Arlette na bado ana alama za kofia kwenye paji la uso, alimpima Mheshimiwa bila haraka. Alimwangalia ulimi. Alimsikiliza kifua, mbele na nyuma. Alimbonyeza tumbo. Alimuuliza anaumwa wapi, na Mheshimiwa akasema kila mahali. Docteur aliandika kwenye karatasi, akanikabidhi mimi kwa kuwa ndiye Katibu, nami nikaisoma kwa sauti, mbele ya benchi zima na gari lililokuwa linasubiri:

"Mzima kabisa. Anaweza kutembea."